Msongamano wa Magereza: Ni Nani Atakayemdhamini Mtu Wetu?

Mazungumzo ya wajumbe wa vikundi vya Eastlands, Nairobi, mbele ya vikundi vya kujisaidia vya vijijini

Sisi tumetoka Eastlands: Kaloleni, Makongeni, Dandora na Kayole. Tumekuja kuongea juu ya magereza kujaa, na tunajua kuna mtu atauliza, sisi wakulima hayo yatuhusu nini? Yanawahusu, kwa maana katika rumande ya Industrial Area wamo vijana waliotoka huku kwenda kutafuta kazi.

Watu wengi hufikiri jela imejaa wezi waliohukumiwa. Sivyo. Zaidi ya theluthi ya walio ndani ni mahabusu, yaani kesi zao hazijaamuliwa. Na tangu Bwana Moody Awori awe Waziri wa Mambo ya Ndani mwaka wa 2003, wafungwa walianza kupata magodoro na hata televisheni. Ilikuwa kazi nzuri, lakini godoro haliongezi nafasi.

Basi mbona mahabusu hatoki? Katiba ya 2010, kifungu cha 49, yasema aliyekamatwa ana haki ya kuachiliwa kwa dhamana yenye masharti ya kadiri, isipokuwa kuwe na sababu nzito. Tena kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi sita, halifai kumweka mtu rumande. Bondi ya polisi ni bure. Ukitoa pesa taslimu, dai risiti. Zitarudishwa kesi ikiisha kama mshtakiwa alihudhuria.

Shida kubwa iko kortini. Hakimu pale Makadara akisema bondi na mdhamini mmoja, huyo mdhamini ataulizwa kitambulisho na mali: logbuku ya gari, hati ya shamba, au karatasi za mshahara. Sasa sisi tunakaa nyumba za kupanga. Hati tutaitoa wapi? Jirani analia pamoja na wewe lakini hana cha kuweka mezani. Kijana anarudishwa kwa gari la magereza, kesi inaahirishwa, inaahirishwa tena, na huku nyumbani mnadhani amepotelea mjini.

Nyinyi mna mashamba. Hatusemi kila mtu akimbie na hati yake, la! Hati hubaki kortini mpaka kesi iishe, na kijana akitoroka ni wewe utakayedaiwa kile kiasi cha bondi. Kama humwamini usiiweke, hata akiwa mpwa wako.

Lakini yako mambo mnayoweza kufanya bila shamba. Hakimu anaweza kumtuma afisa wa probesheni achunguze mshtakiwa ni mtu wa aina gani na kwao ni wapi. Afisa huyo huuliza chifu, wazazi na majirani. Asipopata mtu wa kumjua, ataandika nini? Kikundi kikijitokeza na kusema huyu ni wetu, mamake ni fulani, tutahakikisha anafika kortini, ripoti inabadilika. Na bondi ikiwa ya juu mno, mshtakiwa aweza kuomba Mahakama Kuu ipunguze. Wengi hawajui hivyo, wanakaa tu.

Kuna pia wale waliokwisha kupatikana na hatia. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka wa 1998 yaruhusu mtu ambaye angefungwa miaka mitatu au chini afanye kazi ya umma bila malipo, akilala kwake. Kazi zenyewe mnazijua: kupanda miti, kutengeneza barabara, kuchunga maji, kukarabati shule na hospitali za serikali. Mama aliyekamatwa na chang'aa akifagia zahanati asubuhi, jioni anapikia watoto. Akiwekwa Lang'ata, watoto hao ni nani atawalisha? Sisi twaona hii ndiyo njia bora kuliko zote, na inatumika kidogo kuliko inavyopaswa. Afisa wa probesheni ahitaji mahali pa kumpeleka mtu na msimamizi wa kuhesabu saa zake. Kama shule yenu ina ua linaloanguka, au kitalu cha miche kimekosa mikono, kikundi kiende ofisini kwake kabla ya mtu yeyote kukamatwa, kimwambie: kazi iko hapa, na msimamizi ni fulani.