Usipoandika Wewe, Wataandika Wengine



Wazee wetu, mama zetu na vijana wa Musoma, Bunda na Butiama, nimekuja na jambo ambalo ukilitaja nyumbani unaambiwa unajichulia kifo: wosia. Mwanaume ana mashamba, ng'ombe na nyumba ya bati. Ukimuuliza ameandika nini, anajibu kwamba ukoo unajua. Ukoo unajua nini?

Twendeni mwaloni Mwigobero. Mvuvi amefariki ghafla. Ameacha boti, injini, nyavu za dagaa, deni la taa za kuvulia, na fedha kwenye simu ambayo namba yake ya siri aliijua peke yake. Matanga hayajaisha, injini imeshafunguliwa na "kuhifadhiwa" kwa kaka wa marehemu. Mjane akiuliza, anadaiwa risiti. Ila mwenye deni la taa haendi kwa kaka. Anabisha hodi kwa mjane.

Marehemu alidhani kwamba akinyamaza hajaamua lolote. Kumbe ameamua. Kwa jamii zinazofuata ukoo wa baba, na sisi wengi tumo humo, Tangazo la Serikali Na. 436 la 1963 kuhusu sheria za mila limeshapanga: mtoto wa kiume wa kwanza daraja la kwanza, wanaume wengine la pili, mabinti la tatu. Mjane hana fungu iwapo marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake. Ataangaliwa na wanawe. Nasema bila kumvunjia heshima Mwalimu Nyerere, ambaye kaburi lake liko hapo Butiama: tangazo hilo lilitoka wakati wa serikali yake, na mgawo huo unaendelea kuwaumiza watu.

Hata ndani ya mila wapo wanaojipangia. Wenzetu Wakurya wana nyumba ntobhu: mama asiye na mtoto wa kiume humwoa mwanamke mwenzake ili nyumba yake ipate mrithi. Watu hucheka. Mimi namwona mama aliyeifikiria kesho ya mali yake kuliko wanaume wengi waliokaa hapa, ingawa binti anayeolewa mara nyingi haulizwi anataka nini.

Wosia una nguvu. Baba mmoja wa Kagera alimwachia binti yake shamba la ukoo kwa wosia. Mwaka 1988 binti aliliuza kwa mtu asiye wa ukoo, mtoto wa ndugu yake akamshtaki, akidai mwanamke hana ruhusa ya kuuza ardhi ya ukoo. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, alikataa madai hayo kwa kutumia haki za msingi zilizomo katika Katiba.

Na wala si kazi ngumu. Kwa mila, wosia wa mdomo unataka mashahidi wasiopungua wanne: wawili wa ukoo, wawili watu baki. Anayejua kusoma na kuandika, wosia wake wa maandishi unatosha na mashahidi wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA) wanakusaidia kuuandika na kuuhifadhi. Waislamu wana mafungu yao katika Kurani, na wosia wao hauvuki theluthi. Lakini nao wanahitaji kuandika nani anawadai na wao wanamdai nani.

Tena usigawe kisicho chako. Shamba mlilolima wawili liandikwe majina mawili kwenye hati miliki ya kimila. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi.

Hili si la chumbani tu. Ndugu wakishtakiana, shamba linalala pori, mtoto anaacha shule, na Mahakama ya Mwanzo inajaa watu waliokula sahani moja.

Wenyeviti wa vijiji na mitaa, nawaomba mkutano wenu ujao uwe na ajenda ya wosia. Na wewe mwenye mji, wiki hii kaa na mkeo, orodhesheni mali na madeni, mtafute mashahidi.