Nyosheni Mikono



Tunapokutana hapa Madinat Sultan Qaboos kuikumbuka 9 Desemba 1961, siku ya Uhuru wa Tanganyika, tunataka kusema na watoto. Nyumbani mnapiga soga kwa Kiswahili. Darasani wengine hamnyoshi mkono, mkihofia kuchekwa lafudhi. Sisi wazazi tunaijua hofu hiyo. Tunakutana nayo kazini.

Abdulrazak Gurnah alizaliwa Zanzibar mwaka 1948, akalelewa kwa Kiswahili. Alifika Uingereza akiwa kijana mkimbizi, akaandika kwa Kiingereza, lugha aliyojifunza shuleni. Riwaya yake ya kwanza ilitoka 1987, akiwa na miaka 38. Tuzo ya Nobel ya Fasihi ikaja 2021, baada ya riwaya kumi. Hiyo ni miaka 34, kitabu baada ya kitabu.

Basi mkirudi shule, nyosheni mikono hata sauti ikitetemeka. Ukikosea utasahihishwa, ukinyamaza, nani atajua unachokijua? Nasi jioni tutawauliza kwanza mmeuliza swali gani, alama baadaye.

Haba na haba hujaza kibaba. Heri ya Uhuru!