Darubini ya Stendi ya Ikweta: Kuisimamisha Hapa Kwetu



Ndugu zangu vijana, nawe msomaji uliyekosa kikao chetu, mada ya leo ni darubini. Si sifa za darubini, bali namna ya kuisimamisha. Utaikuta nyumba ina darubini, imeletwa zawadi kutoka ng'ambo au imenunuliwa mjini kwa pesa nzuri, na iko juu ya kabati imefunikwa kanga. Ukiuliza utaambiwa, "Hiyo haifanyi kazi." Aghlabu darubini yenyewe ni nzima. Tatizo ni stendi, na tatizo la stendi ni kile kitabu cha maelezo.

Kitabu kile kimeandikwa kwa ajili ya mtu wa Uingereza au Marekani. Kitakwambia, toka nje usiku, itafute nyota ya kaskazini, ile ambayo manahodha wetu waliita jaa, na uelekeze mhimili kwake. Sasa wewe uko Mombasa. Nyota hiyo iko chini ya upeo wa macho, haichomozi hata siku moja. Utaitafuta mpaka daku!

Basi tuanze na swali: stendi hii ni ya nini? Ziko stendi za kawaida, zinazokwenda juu na chini, kushoto na kulia, kama shingo ya mtu. Hiyo ni rahisi na wala haina ubaya. Lakini ardhi yazunguka, na sisi twaona mbingu ndiyo inayozunguka, digrii 15 kwa kila saa, yaani digrii moja kila dakika nne. Mwezi upana wake ni kama nusu digrii. Kwa hiyo ukiukuza sana, kwa dakika mbili tu umehama kiasi cha upana wake mzima na umeanza kutoka kwenye lenzi. Stendi ya ikweta imetengenezwa ili mhimili wake mmoja ulale sambamba na mhimili wa dunia. Ukishaulaza hivyo, huna haja ya kusukuma huku na huku. Wazungusha kizungushio kimoja polepole, na kile unachokitazama chabaki palepale.

Na mhimili wa dunia umeinuka kiasi gani kutoka upeo wa macho? Ni sawa na latitudo ya pale uliposimama. Basi. Jambo zima ni hilo. Mtu wa London huinua mhimili wake digrii 51. Wewe wa Mombasa ni digrii 4. Malindi ni 3 na kidogo, Lamu ni 2 na kidogo, Nairobi ni 1 na kidogo, na Kisumu ni sifuri, au tuseme sifuri kwa kazi yetu. Hawa wote wako kusini ya ikweta, kwa hivyo mhimili wao huelekea kusini. Ndugu zetu wa Wajir (karibu digrii 2) na Mandera (karibu digrii 4) wako kaskazini, wao waelekeze kaskazini. Latitudo ni elimu ambayo wenzetu wa zamani waliipenda sana. Al-Biruni, katika karne ya 10, akiwa bado kijana, aliipima latitudo ya mji wa Kath kule Khwarizm kwa kuangalia urefu wa jua la adhuhuri. Wewe simu yako yakwambia bure.

Haya, tuifunge. Ifunge mchana, usingoje giza, maana skrubu ikidondoka kwenye mchanga usiku imekwenda hiyo.

Simamisha miguu mitatu mahali pagumu. Usiivute yote mpaka mwisho, mguu mrefu hutetemeka. Weka pimamaji ya fundi juu yake, au hata sahani yenye maji, mpaka ikae sawa. Usilipuuze hili, kwa sababu stendi ikiwa imeinama digrii tatu, ile skeli ya latitudo yakudanganya digrii tatu, na sisi latitudo yetu yote ni nne!

Kisha kaza kichwa cha stendi, legeza skrubu ya latitudo na uteremshe mhimili mpaka skeli isome namba ya mji wako. Utaona mhimili umelala karibu kabisa, na utadhani umekosea maana picha ya kitabu haiko hivyo. Hujakosea. Ila ziko stendi ambazo skrubu yake hugota kabla ya kufika chini. Kama bado hujanunua, mwambie muuzaji akufungulie uone kama skeli inafika sifuri. Hilo ni muhimu kuliko yale maandishi makubwa kwenye boksi.

Sasa uelekeo. Hapa watu wa pwani tumebahatika. Makka iko longitudo 39.8 na Mombasa iko 39.7, yaani karibu mstari mmoja. Ndiyo maana wazee wetu wakisema "kibla" walikuwa na maana ya kaskazini, na kusini wakaiita "suheli", jina la ile nyota kubwa ya kusini. Basi ikiwa nyumba yako ina kibla iliyopimwa sawasawa, kazi imekwisha: mhimili wa darubini uipe kibla mgongo. Kwa Mombasa na Malindi tofauti haifiki hata digrii moja. Lakini Nairobi kibla imepinda kama digrii 7 kuelekea mashariki, kwa hiyo wa huko watumie dira. Na dira usiiweke juu ya stendi, wala karibu na gari au mabati, kwani chuma huivuta. Simama nayo mbali kidogo, chora mstari chini kwa chaki, kisha uilete stendi kwenye mstari.

Kuna jambo moja ambalo kitabu hakikutaji. Kwa kuwa mhimili wetu umelala, lile jiwe la mizani lililo kwenye fimbo huning'inia chini kabisa darubini inapotazama upande wa mashariki au magharibi, na hapo hugonga mguu wa stendi. Kitabu kinasema mguu mmoja uelekee upande wa ncha. Kwetu fanya kinyume: miguu miwili ndiyo iwe upande wa kusini, ili jiwe lipite katikati yake. Zungusha kwa mkono uone linapita, kabla hujaweka bomba.

Jiwe hutangulia, bomba hufuata, na wakati wa kufungua bomba hutangulia. Ukigeuza utaratibu huu stendi itapinduka na kioo chako kimekwenda. Bomba likishakaa, legeza nati ya mhimili mkubwa, lilaze bomba upande mmoja na jiwe upande wa pili, kisha sogeza jiwe mpaka vyote vitulie bila kushikwa, kama mizani ya dukani. Halafu sawazisha na mhimili wa pili kwa kusogeza bomba lenyewe mbele au nyuma kwenye pete zake. Watu huruka hatua hii, kisha hulalamika kwamba vizungushio ni vigumu.

Ile darubini ndogo ya kulengea iliyoko ubavuni nayo isawazishe mchana. Tafuta kitu cha mbali sana, ncha ya mnara au kilele cha mnazi, kiweke katikati ya lenzi kubwa, kisha kaza zile skrubu ndogo mpaka nayo ikione katikati. Ukiona picha imepinduka kichwa chini, usishtuke. Mbinguni hakuna juu wala chini.

Na hapa naomba mnisikize vizuri. Usilenge jua. Usilenge hata karibu yake, wala usimwachie mtoto darubini mchana kisha ukaingia ndani. Jua likipita kwenye lenzi laweza kupofusha jicho kwa kufumba na kufumbua, na halitoi maumivu ya kukuonya. Darubini nyingine za bei rahisi huja na kijikioo cheusi cha kuskrubu kwenye lenzi ya jicho, kimeandikwa ni cha jua. Kitupe. Joto hukipasua jicho likiwa limeshapelekwa pale.

Kuhusu ukuzaji, usihadaike na boksi likisema mara 500. Darubini ya kioo cha milimita 114 yenye urefu wa fokasi milimita 900, ambayo ni ya kawaida sana kwa wanaoanza, ukiiwekea lenzi ya milimita 25 wapata mara 36. Ukiweka ya 10 wapata mara 90. Kioo cha namna hiyo ukikivusha mara 200 na ushei utaona ukungu tu. Anza na lenzi yenye namba kubwa kila mara. Kwa mara 36 utaona mashimo ya mwezi na miezi minne ya Mshtarii, na kwa mara 90 utaiona pete ya Zohali.

Kama una mota ya kuzungusha, tafuta swichi iliyoandikwa N na S. Uweke kwenye S ukiwa kusini ya ikweta, la sivyo itazunguka kinyume na nyota itakimbia mara mbili zaidi.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo najua wengi mwalingojea, nalo ni hilali. Kwetu jua hutua karibu wima, giza laingia haraka, na mwezi mwandamo huonekana umelala kama dau. Mwezi ulio digrii 10 juu ya jua hutua kama dakika 40 baada yake, na ule ulio chini ya digrii 7 kutoka jua usihangaike nao, hata darubini kubwa hushindwa. Pwani bahari iko mashariki, kwa hiyo tafuta paa au kilima kinachotazama bara bila miti. Usiku wa kabla yake, kaza fokasi kwa nyota yoyote na utie alama ya penseli kwenye bomba la lenzi, kwa sababu hilali isiyo kwenye fokasi haionekani kabisa. Tumia lenzi ya 25. Ngoja jua lizame lote. Lote!

Na hapa ndipo stendi ya ikweta inapolipa. Kwa latitudo yetu, ukitazama magharibi, kizungushio kikubwa hukupeleka juu na chini, na cha pili hukupeleka kushoto na kulia kwenye upeo wa macho. Soma kwenye simu mwezi uko digrii ngapi kaskazini au kusini ya pale jua lilipotua, weka kile cha pili hapo, ukaze, kisha teremka polepole na kile kikubwa. Ukishauona, kuufuata ni kizungushio kimoja tu. Mmoja akae kwenye kizungushio, wengine wapange foleni, na watu kumi wataweza kutazama mmoja mmoja bila mwezi kupotea. Wale wenye macho makali wasimame kando, waelekezwe pale bomba linapoelekea, wautafute kwa macho matupu. Kama ushahidi wa kupitia lenzi wakubalika au la, hilo waachieni masheikh na Kadhi Mkuu. Ninyi kazi yenu ni kuandika saa, mahali na majina ya walioona. Na ikiwa kuna mawingu, andikeni kuna mawingu.