Mtoto Hana Chama
(Maneno ya mfanyakazi wa reli katika mkutano wa wanachama, Bura)



Nyumba yangu hapa Bura ni chumba kimoja chenye dirisha dogo, na usiku wa baridi twalifunga. Humo nilivuta sigara miaka kumi. Mtoto wangu akawa hakosi kikohozi. Daktari hakumwuliza mtoto neno, aliniuliza mimi, "Wavutia wapi?" Nikaona haya.

Sheria ya mwaka 2007 yakataza kuvuta sigara katika magari ya abiria na mahali pa kazi. Lakini askari haingii chumbani kwangu. Kila mwaka duniani hufa watu zaidi ya milioni 1 wasiovuta, kwa moshi wa wenzao. Kufungua dirisha hakutoshi.

Ndugu, hewa ikiwa mbaya kazini, twamwendea mwajiri kwa nguvu ya chama. Mtoto hana chama. Basi kwangu kanuni ni moja: mvutaji atoke nje, mbali na mlango, hata mvua ikinyesha, hata akiwa mgeni. Shemeji alinuna siku mbili, kisha akazoea.

Sigara sijaiacha kabisa, napigana nayo. Lakini mtoto sasa alala usiku. Fanyeni hivyo leo, msingoje kikohozi.