Kulinda Jicho la Pili: Upungufu wa Damu kwenye Neva ya Jicho kwa Wagonjwa wa Kanda ya Ziwa



Mgonjwa ninayemzungumzia mnamfahamu. Amevuka miaka 50, ana presha au kisukari, na ameamka asubuhi akakuta nusu ya chini ya anachokiona kwa jicho moja ni giza. Jicho si jekundu wala haliumi, basi anasubiri. Anapita duka la dawa kununua matone. Kama anaishi Ukerewe, kuna kivuko, nauli na mtu wa kumsindikiza. Akimfikia mtaalamu, majuma yamepita, na mara nyingi huambiwa kwamba neva imeharibika, hakuna dawa, arudi nyumbani.

Kwamba hakuna dawa iliyothibitishwa, ni kweli. Kichwa cha neva ya jicho hulishwa na vishipa vyembamba mno. Damu ikipungua nyuzi zake huvimba na kubanana, na kubanana huko huzidi kuizuia damu. Marekani walijaribu kupasua ala ya neva ili kuilegeza. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1995 yalionyesha kuwa upasuaji huo hausaidii na huenda ukadhuru. Matone hayafiki huko. Steroidi bado zina ubishi, na humpandishia sukari mwenye kisukari.

Nisilokubaliana nalo ni kumrudisha nyumbani mikono mitupu. Kati ya wagonjwa 100 wa aina hii, kama 15 hupatwa jicho la pili ndani ya miaka mitano. Jicho hilo ndilo la kutibiwa, na kazi yake kubwa inafanyika kwenye kliniki ya presha na sukari.

Mpime presha na sukari siku hiyohiyo. Muulize anameza vidonge vya presha saa ngapi. Presha hushuka mtu anapolala, na wataalamu wengi wanashuku kuwa dawa zikimezwa zote wakati wa kulala huishusha kupita kiasi. Hapa kwetu lazima tuongeze swali: unalala lini? Mvuvi wa dagaa hukesha ziwani usiku wa giza na kulala mchana. Ukimwandikia “asubuhi” umemwambia ameze dawa anapokwenda kulala. Asiache dawa, daktari wake ndiye ampangie saa upya. Muulizeni pia mwenzi wake kama hukoroma hadi pumzi inakatika, na mwanamume muulizeni kwa faragha na heshima kuhusu vidonge vya nguvu za kiume, kwani navyo vimehusishwa na tatizo hili.

Kwa kumtambua mgonjwa huyu, zahanati isiyo na kifaa cha macho ina tochi. Katika chumba chenye giza kidogo, mulika jicho zima kwa sekunde mbili tatu, kisha hamishia mwanga upesi kwenye jicho bovu. Mboni ikitanuka badala ya kusinyaa, tatizo liko nyuma, kwenye neva au retina. Mtoto wa jicho peke yake haleti dalili hiyo. Mpe rufaa leo.

Aina moja tu ya upungufu huu wa damu ndiyo ya dharura ya saa, nayo ni ile inayoletwa na uvimbe wa ateri za panja. Ni nadra kwa Waafrika, lakini mzee anayeumwa kichwa, anayeumia akichana nywele na taya likimchosha akitafuna, aanzishiwe steroidi za kiwango cha juu siku hiyohiyo, kabla ya majibu ya maabara. Akicheleweshwa, jicho la pili linaweza kufuata ndani ya siku chache.