Kujenga Nyumba za Safu Pamoja na Jirani



Mtu asimamaye upande wa Lang'ata na kuitazama Kibera huona mambo mawili yanayotazamana. Mbele yake yapo mabati ya vibanda, mekundu kwa kutu, yaliyobanana hata maji ya mvua hayana njia ya kupita. Pembeni yapo maghorofa ya Nyayo Highrise, yaliyojengwa zamani za Rais Moi. Yalipokuwa yakijengwa ilitumainiwa kwamba watu wa vibanda vya karibu watapata makao humo. Lakini nyumba ikiisha kuwa nzuri huvutia macho ya mwenye mshahara, na wengi walioingia ni watu wa kazi za ofisini. Waliokaa vibandani walibaki vibandani, ila sasa walikuwa na ghorofa la kutazama.

Baadaye serikali ilijaribu tena. Mwezi wa Septemba 2009 watu wa Soweto Mashariki, katika Kibera, walianza kuhamishiwa katika nyumba za muda za Lang'ata, na mwaka 2016 nyumba 822 zilizojengwa mahali pao pa zamani zikatolewa. Hiyo ni kazi kubwa, nayo yahitaji fedha za serikali na miaka mingi ya kungoja. Mazungumzo ya leo ni juu ya njia nyingine, ambayo mtu hujenga nyumba yake mwenyewe kwa kupatana na jirani wa kulia na jirani wa kushoto, na nyumba zao zikashikana katika safu moja.

Faida ya kwanza yaonekana kwa hesabu ndogo. Nyumba 10 zikijengwa mbalimbali zina kuta za ubavuni 20. Nyumba hizo hizo zikishikana zina kuta 11 tu. Kuta 9 zimeokoka, pamoja na mawe yake, saruji yake na ujira wa mwashi. Na ardhi iliyokuwa ikipotea katika vichochoro vya kati, ambavyo kwa kawaida huwa jaa la takataka, yaweza kukusanywa mahali pamoja ikawa uwanja wa watoto au njia ya gari la zimamoto.

Jambo hili limekwisha kufanywa Nairobi yenyewe. Katika Huruma, upande wa mashariki wa mji, kuna kijiji kiitwacho Kambi Moto. Jina hilo lilitokana na moto, kwa kuwa vibanda vya mbao na mabati viliwaka huko mara kwa mara. Wenyeji walianza kwa kuweka akiba katika vikundi, kisha wakajihesabu wenyewe mlango kwa mlango, ili ijulikane nani anakaa wapi. Walisaidiwa na Muungano wa Wanavijiji na shirika la Pamoja Trust. Mwaka 2003 wakapatana kwa maandishi na Baraza la Jiji, lililokuwa na ardhi hiyo, kwamba kijiji kipangwe upya kwa viwanja vidogo kuliko sheria ya ujenzi ilivyozoea kuruhusu. Kazi ikaanza kwa nyumba 34.

Kila nyumba ilikalia kiwanja cha futi 15 kwa futi 15 hivi. Mtu wa shamba akisikia kipimo hicho atacheka na kusema kwamba hata zizi la mbuzi lake ni kubwa zaidi. Lakini nyumba hizo hukua kwenda juu. Mwenye fedha kidogo alianza na chumba cha chini, jiko na choo, akaacha ngazi yake tayari. Mwaka mwingine akipata, aliongeza orofa ya kwanza, kisha ya pili. Sakafu za juu hazikumwagwa zote kwa mara moja. Vipande vya zege vilifanyizwa hapo hapo kiwanjani, vikapandishwa na kulazwa juu ya boriti, kwa ufundi waliojifunza kwa wenzao wa India. Wanawake walikuwa wengi katika kazi hiyo, wakichota maji, wakichanganya zege na kubeba mawe.

Lakini mawe na zege havikuwa jambo gumu la Kambi Moto. Jambo gumu lilikuwa watu. Palikuwa na wenye vibanda, na palikuwa na wapangaji. Mwenye vibanda vinne alipata kodi ya vibanda vinne kila mwezi, na huenda ndiyo iliyowalipia watoto karo ya shule. Akiambiwa kwamba vibanda vitabomolewa, atauliza nini kitakuwa badala ya kodi yake. Mpangaji naye, aliyekaa miaka 15 akilipa bila kukosa, atauliza kwa nini ahesabiwe kuwa mpita njia. Kila mmoja ana haki katika neno lake, na hapana fundi awezaye kuamua neno hilo kwa timazi. Walikaa wakasemezana, na mwisho wakapatana kwamba kila jamaa itapata nyumba moja, mwenye vibanda na mpangaji sawasawa. Mwenye vibanda vingi alipoteza kodi, akapata nyumba ya mawe isiyoweza kuvunjwa usiku. Si wote waliolipenda jambo hilo. Hata hivyo, kama lisingalikatwa mapema, hata jiwe moja lisingalisimama.

Kabla ya hapo palikuwa na mfano wa Dandora. Mwaka 1975 Benki ya Dunia ilikubali kukopesha fedha za kupima viwanja 6,000 hivi, kila kimoja na bomba la maji, choo na mahali pa kuogea. Vyumba vilikuwa juu ya mwenye kiwanja. Huko wengi, hasa wanawake, walifanya vikundi vya ujenzi, wakachanga kwa zamu na kumjengea mmoja chumba, kisha mwingine. Ni desturi ile ile ya shamba ya kuezekeana nyumba, ila makuti yamekuwa saruji. Hata huko Chile, katika mji wa Iquique, jamaa 93 walipewa mwaka 2004 nusu ya nyumba iliyo katika safu, wakaachiwa nafasi ya kujijengea nusu iliyobaki.

Sasa yafaa kuyatazama mambo ambayo majirani wapaswa kuyapatana kabla ya mtu yeyote kushika jembe.

La kwanza ni ardhi. Katika Kibera sehemu kubwa ya ardhi ni ya serikali, na mwaka 2017 Wanubi walipewa hati ya jumuiya kwa ekari 288. Kawangware ni mbali na hayo, maana huko viwanja vingi vina wenyewe. Kwa hiyo watu wa Kawangware waweza kuanza kwa kumwendea mwenye kiwanja na mpima ardhi, lakini watu wa Kibera hawana budi kuanza kwa serikali. Ajengaye nyumba ya mawe juu ya ardhi isiyo yake amemjengea mtu mwingine. Kisha ruhusa ya Serikali ya Kaunti yahitajiwa, pamoja na michoro ya mtu aliyesomea kazi hiyo. Sheria ya Kenya ya mali za sehemu ya mwaka 2020 humruhusu kila mwenye sehemu katika jengo la pamoja kupata hati yake mwenyewe, na jambo hili ladhihirisha mwisho wa mali ya huyu na mwanzo wa mali ya yule.

La pili ni ukuta wa kati, na hapo ndipo ugomvi mwingi hutokea. Ukuta huo si wa huyu wala si wa yule. Nusu yake iko huku na nusu kule, na msingi wake lazima uweze kubeba nyumba zote mbili. Tuseme jirani mmoja ana fedha leo, na mwenziwe ana tumaini la kupata mwakani. Wa kwanza akichimba msingi wa nyumba yake peke yake, wa pili akija kupandisha orofa mbili juu ya ukuta ule, utapasuka, na ufa hautauliza nani ndiye mkosaji. Hapana budi msingi uchimbwe tangu mwanzo kwa uzito wa mwisho. Wa pili atalipa nusu yake atakapoanza kujenga, na bei iandikwe siku ile ile ya kuchimba, mbele ya mashahidi, maana bei ya saruji haikai mahali pamoja na kumbukumbu za watu vilevile.

Udongo nao watakiwa kuangaliwa. Sehemu nyingi za Nairobi zina udongo mweusi unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa jua. Huo huondolewa mpaka ardhi ngumu ionekane. Katika Kibera kuna mahali ambapo ardhi ni taka za miaka mingi zilizokanyagwa, na mtu akichimba futi tatu hupata viatu na mifuko. Hapo safu nzima yapaswa kuwa na mhandisi mmoja, wala si kila mtu na fundi wake. Palipo na mteremko, nyumba hushuka kama ngazi, kila moja chini kidogo ya mwenziwe.

Mteremko huo waleta shauri la tatu, la maji machafu. Bomba la safu ni moja nalo hupita nyuma ya wote. Mtu wa juu akitupa matambara chooni, mtu wa chini ndiye ayaonaye. Kwa sababu hiyo ni vizuri wa chini ndiye awe mwekaji wa ufunguo wa mashimo ya kukagulia, na kazi ya kuzibua ilipwe na wote kwa mchango ulio sawa. Maji ya mvua nayo yashuke mbele au nyuma, kwa kuwa nyumba ya safu haina ubavu wa kumwagia maji. Haina ubavu wa madirisha pia. Mwanga huingia mbele na nyuma tu, na nyumba iliyo ndefu sana kwenda ndani itakuwa na chumba cha kati chenye giza mchana kutwa.

Tena kila ukuta wa kati upande kupita paa kidogo, usikatwe chini ya mabati. Mahali mabati yanaposhikana na mbao za paa zikapita kutoka nyumba hata nyumba, moto wa jiko moja hutembea safu nzima. Watu wa Kambi Moto hawakuhitaji kuelezwa jambo hilo.

Kununua vitu kwa pamoja hakuna ubishi. Lori la mawe ya Ndarugo au la mchanga likigawanywa na nyumba tano, kila mtu hulipa kidogo. Lakini asiyefaa kuwekwa peke yake ni mtunza fedha. Wawe watatu, na kitabu kisomwe kila juma mbele ya wote, hata kama hapana kilichobadilika.

Limebaki jambo la jirani aliyekwama. Karibu kila safu ina mmoja ambaye kazi yake imeisha au ambaye ameuguliwa, na kiwanja chake kikawa kama pengo la jino. Wengine wasiruke pengo hilo wakaufunga ukuta wao kwa lipu. Mwashi aache mawe yakitokeza ubavuni, moja nje moja ndani, ili ukuta wa mbele wa huyo jirani uje kuumana nao siku atakapoweza. Mawe hayo yapakwe saruji juu yasiingize maji, na mtu asiyakate kwa sababu yanamkwaruza bega apitapo.