Wimbo Uliotaja Majina ya Wote

Tunawasalimu ninyi mlioko Minembwe, Mikenke na Bijombo, ninyi mlioshuka Fizi na Baraka mkapokelewa na jamaa, na ninyi machifu, wachungaji na viongozi wa mitualite.

Mnapenda nyimbo za zamani, na leo tunauchukua mmoja ambao wazee wanaujua: Indépendance Cha Cha. Vijana wanaucheza bila kujua ulizaliwa wapi. Ulizaliwa kwenye baridi ya Bruxelles, mwanzo wa mwaka 1960. Wabelgiji walikuwa wamewaita viongozi wetu katika mkutano wa Table Ronde, yaani meza ya mviringo, ulioanza tarehe 20 Januari. Huko ndiko ilikokubaliwa tarehe 30 Juni kuwa siku ya uhuru. Joseph Kabasele, aliyeitwa Grand Kallé, alikwenda na orkestra yake, African Jazz, kuwachezea wajumbe.

Katika Léopoldville ya wakati ule, African Jazz na OK Jazz ya Franco walikuwa washindani. Hata hivyo, katika safari ile Kabasele aliwachukua Vicky Longomba na Brazzos, watu wa OK Jazz, wakapiga pamoja na Docteur Nico na kaka yake Déchaud. Ushindani haukufa, na baadaye wale wawili walirudi kwao. Lakini kazi iliyohitaji wote ilifanywa na wote.

Sasa sikilizeni maneno yenyewe. Kabasele anataja vyama: ABAKO, CONAKAT, MNC. Anataja watu: Kasa-Vubu, Lumumba, Bolikango, Tshombe, Kalonji. Hawa hawakuwa na wazo moja. Wengine walitaka serikali kuu yenye nguvu, wengine majimbo yajitawale. Yeye hakuchagua wa kwake tu. Mtu wa Katanga aliposikia disiki ile alimsikia kiongozi wake, na mtu wa Kasai vilevile. (Ni kweli, alitaja wakubwa tu, mama wa sokoni hakutajwa.)

Je, wimbo ulileta amani? Hapana, ndugu zangu. Tarehe 11 Julai 1960 Tshombe alitangaza kuitenga Katanga. Mwezi wa Agosti Kalonji akafanya hivyo Kasai Kusini. Septemba Kasa-Vubu akamfukuza Lumumba katika serikali, na tarehe 17 Januari 1961 Lumumba akauawa huko Katanga. Mwaka mmoja tu tangu Table Ronde! Ninyi wa Fizi mnajua pia yaliyofuata mwaka 1964, wakati wa maasi ya Simba. Kwa hiyo msidanganywe na mtu anayesema tukicheza pamoja yamekwisha. Hata sisi tulicheza pamoja katika arusi nyingi.

Basi kwa nini tunauzungumzia? Ni kwa sababu ya yale majina. Katika mikutano yetu mtu husimama na karatasi, anasoma vijiji vilivyochomwa, na vyote ni vya upande wake. Wa upande mwingine anasubiri, anasubiri, hasikii kijiji chake hata kimoja. Mwili wake unabaki kitini, moyo umekwisha kutoka nje. Wabembe wana makaburi. Wanyamulenge wana makaburi. Wafuliiru na Wanyindu pia. Kuna ng'ombe walionyang'anywa, na kuna mashamba yaliyoachwa mihogo ikiwa ardhini.

Wimbo wa dakika kama tatu ulipata nafasi ya wapinzani wote. Mkutano wa siku tatu utakosaje?

Tunawaomba ninyi viongozi jambo moja. Kabla ya kukutana tena, katibu wa kila upande aende akaulize, aandike vijiji vya upande wa pili, na majina ya waliokufa kama jamaa zao wanakubali. Kisha asimame yeye mwenyewe ayasome, si mtu wa upande ule. Msimkatize. Hesabu zikipishana, andikeni zote mbili, mtazichunguza baadaye.

Sasa tunaupiga wimbo. Aliye karibu na mzee amwulize kila anayetajwa alikuwa nani na alitoka wapi.